Huko Nyuma Nani Anaona

Kabla hakujapambazuka nilisikia tone likianguka ndani ya beseni. Ti. Kimya, kisha ti. Mvua ilikuwa inaingia tena dirishani kwangu. Fremu yake ya mbao ilikuwa imeoza kiasi cha kuingia kidole, na ukuta chini yake umeota ukungu. Kifua changu hakielewani na ukungu.

Kwa hiyo mwanangu alipotangaza kwamba nyumba itapakwa rangi nje, nilifurahi. Bosi wake alikuwa anakuja Jumamosi kunywa chai. Fundi alifika Alhamisi na ngazi yake, akazunguka nyumba akigonga kuta. Alishauri aanzie nyuma, ambako mvua hupiga zaidi. Mbele pakwanguliwe, nyufa zizibwe, paachwe pakauke siku tatu.

Mwanangu alicheka. Alitaka mbele tu, tena leo. Alisimama barabarani akionyesha kwa kidole: hapa panaonekana, pale hapaonekani. Rangi iliishia kwenye kona kama imekatwa kwa kisu. Hata ukuta ulio nyuma ya tangi la maji uliachwa, maana bosi hatachungulia nyuma ya tangi.

Nikamwomba walau dirisha langu.

"Mama, huko nyuma nani anaona?"

"Mvua inaona, baba."

Akanipigapiga begani, akaenda kununua maua ya plastiki.

Fundi alikuwa amesikia yote. Jioni, kazi ya mbele ilipokwisha, alikuja kwangu na msasa. Akang'oa mbao iliyooza, akaweka kipande kikavu, akakilainisha, kisha akapaka ile rangi nyembamba ya mafuta inayozama ndani ya mbao. Aliniambia mbao ina kiu. Isipopewa mafuta itakunywa mvua. Ukuta aliukwangua ukungu, akauacha ukauke. Ijumaa, kabla ya kwenda kazi nyingine, alipita akapaka mkono wa pili wa rangi. Akaomba chai tu.

Jumamosi bosi alifika pamoja na mvua. Walipokuwa wanasalimiana mlangoni, ukuta mpya ulianza kuvimba malengelenge, na kipande cha rangi kikamdondokea bosi begani, kwenye suti nyeusi. Mwanangu akakipangusa kwa heshima zote. Ndani, maji yalipenya kwenye nyufa zilizofunikwa kwa rangi, yakashuka moja kwa moja hadi kwenye kochi.

Chumba kikavu kilikuwa kimoja. Walibanana kitandani kwangu na vikombe vyao. Bosi akapitisha mkono kwenye fremu.

"Kazi safi hii. Nani kafanya?"

"Nilisisitiza tuanzie nyuma," akasema mwanangu.

Nikanywa chai yangu. Mkwe wangu aliniangalia, akaniongezea sukari bila kuombwa, nami nikajua kwamba ameona aibu kwa niaba ya mumewe.

Bosi alipoondoka, mwanangu alibaki ameketi, akilitazama beseni kavu chini ya dirisha.

"Mama, hili la nini?"

Nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Misimu miwili."

Aliinama akaliokota beseni. Kisha akasema Jumatatu atamwita fundi azunguke nyumba nzima, na safari hii hatamwonyesha kwa kidole pa kupaka.

"Vizuri, baba," nikamwambia. "Na wewe uje tena kukaa hapa. Hata siku isiyo na mvua."