Kitufe cha Bibi Mgeni

Asubuhi moja, nesi wa nyumba ya kulelea wazee alimpigia simu fundi wa programu, kijana ambaye wenzake walimbandika jina la Kobe kwa kupenda kwake kujifungia ndani.

"Fundi, kitufe chako hakifanyi kazi."

"Mbona kwangu kinafanya?" Kobe alijibu huku akikibonyeza kwenye kompyuta yake.

"Basi nikuletee wazee huko kwako."

Kobe akacheka, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Tangu kampuni ifunge ofisi na kila mtu aambiwe afanyie kazi nyumbani, chumba chake hakikuwa kimesikia kicheko. Akavaa viatu, akatoka.

Kule kwa wazee, kishikwambi kilikuwa kimefungwa ukutani sebuleni. Kwenye kioo chake, kila mzee alikuwa na kitufe chake chenye jina. Akikibonyeza, ndugu yake hupata ujumbe kwamba anaomba apigiwe. Karibu nacho alikaa bibi aliyeletwa jana yake, mkoba ungali mapajani kama abiria.

"Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi," bibi alisema. "Binti yangu ana shughuli nyingi. Simlaumu."

Kobe akabonyeza kitufe cha mzee mwingine, kikawaka. Akabonyeza cha bibi. Wapi!

"Ni wageni tu," nesi akasema. "Hata wale wa wiki iliyopita walianza hivyo hivyo. Umeme ukakatika, kishikwambi kikazima. Kilipowashwa tena, wakawa sawa."

Kobe akashika kichwa. Ukurasa wa vitufe ulipofunguka, programu yake ilipita kwenye kila kitufe na kukiagiza: ukiguswa, tuma ujumbe. Ikimaliza, hairudi tena. Sasa ukurasa ulishinda wazi kutwa kucha, na kitufe kilichoongezwa baadaye kilikuwa na sura ile ile na rangi ile ile, ila hakuna aliyekiagiza lolote.

"Kwa hiyo binti yangu hajapata kitu?"

"Hajapata, bibi. Kosa ni langu."

Bibi akashusha pumzi. "Afadhali liwe lako, mjukuu wangu."

Kobe akafungua kompyuta yake pale pale mezani. Akafuta maagizo ya kitufe kimoja kimoja, akaliagiza boksi kubwa la kwenye ukurasa, lililobeba vitufe vyote: chochote kitakachoguswa ndani yako, tazama ni cha nani, kisha tuma. Kitufe kitakachozaliwa kesho kitamkuta mzazi wake anasikiliza tayari.

Bibi akabonyeza. Kikawaka. Hata hajaegemea vizuri, simu yake ikalia.

"Mama! Mbona kimya hivyo? Nilidhani umeninunia kwa kukupeleka huko."

"Nilikuwa nakuita, mwanangu," bibi alisema, na machozi yakamtoka.

Kobe akawaachia nafasi. Njiani alitamani kumsimulia mtu. Mama yake alikwisha kufariki, na yeye na dada yake hawakuwa wakisemezana tangu mazishi. Akamwandikia bosi: "Tayari." Akajibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Jumapili akarudi kule kwa wazee.

"Kimeharibika tena?" nesi akauliza.

"Hapana. Nimekuja kukagua tu."

Nesi akalitazama shati lake lililopigwa pasi, wala hakumtania. Akamwambia Kobe kwamba bibi amekwisha kuchukuliwa na bintiye; wamekwenda kuishi pamoja. Kobe akasema ni jambo jema. Moyoni lakini alihisi kama aliyefika shughulini watu wakikunja mikeka.

Chini ya kishikwambi alikaa mzee mgeni. Kitufe chake kilikuwa kimewaka vizuri kabisa. Simu yake ilikuwa kimya.

"Watapiga tu," mzee akasema bila kuulizwa. "Na wewe umekuja kumwona nani?"

"Sina mtu humu, mzee. Mimi ni fundi."

"Kwani fundi hakai?"

Kobe akavuta kiti. Wakakaa wote wawili wakiitazama ile simu, na mzee akaanza kumweleza juu ya wanawe, mmoja mmoja, kuanzia kifungua mimba.