Midomo ya Edera Fogli

Kila filamu ya Edera Fogli ilipoonyeshwa kwenye televisheni, Desolina alikuwa na mtindo wake. Alisubiri jina la Edera lipite, akaburuta kiti mpaka magoti yakaribie kugusa kioo, kisha akazima sauti.

Nives, mke wa mwanawe, mwanzoni alidhani ni kijicho. Desolina na Edera walikuwa wamechoma mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, bega kwa bega mbele ya moto mmoja, katika kiwanda kilekile cha mji wa Comacchio, hadi siku watu wa filamu walipopita wakamchukua Edera na miaka yake kumi na sita. Mmoja akaenda Roma. Mwingine akabaki na mishikaki.

Halafu Nives naye akaajiriwa kiwandani, na msimu wa kwanza tu ukamfumbua macho. Mashine ya kufunga makopo ilikuwa na kelele za kumtoa mtu akili. Wanawake waliokaa kando yake kuanzia Oktoba hadi Krismasi walikuwa wameacha zamani kushindana nayo. Walisemezana kwa midomo mitupu, bila sauti. Hivyo ndivyo walivyosengenyana, walivyotaniana na kupeana habari za harusi na misiba, na msimamizi amesimama katikati yao bila kuambulia neno. Siku Nives alipoweza kuucheka utani uliosemwa upande wa pili wa meza, alirudi nyumbani, akakaa karibu na Desolina mbele ya filamu isiyo na sauti, na nywele zikamsimama. Midomo ya Edera ilikuwa ikisema mambo mengine kabisa.

Sinema za siku zile ndivyo zilivyotengenezwa. Wakati wa kupiga picha hakuna aliyejali sauti. Mafundi waligonga misumari, mwongozaji alifoka, na msichana mwenye sura nzuri na lugha ya kwao aliambiwa ahesabu tu, moja, mbili, tatu, ili midomo icheze. Baadaye mwanamke mwingine, ndani ya chumba kilichofungwa, alimtilia maneno kwa sauti laini kama siagi. Filamu ishirini na tatu Edera aliigiza, na hakuna hata moja iliyotoka na sauti yake. Alipochoka kuhesabu alisema lolote lililomjia, kwa lugha ya mifereji ya Comacchio. Kwa hiyo Italia nzima ilipomsikia malkia akiomba rehema, wanawake wa kiwandani walimwona binti yao akilalamika kwamba viatu vinambana na mfalme ananuka vitunguu. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na watu wa safu za nyuma wakawashangaa.

Filamu moja tu hawakuicheka, ile ya stesheni. Hiyo, Desolina aliitazama akiwa ameshika kitambaa mdomoni, na hakuna aliyethubutu kumsemesha hadi iishe.

Sasa Edera alikuwa amekwisha kuacha uigizaji, ameandika kitabu, na angekuja Comacchio. Mwalimu Tebaldi, aliyefundisha shule ya jioni ya wafanyakazi, ndiye aliyemwalika. Edera alijibu kwa barua kwamba atakuja, atakaa mbele ya watu na kuwaandikia jina lake kwenye vitabu vyao, lakini kusoma hatasoma. Atafutwe mtu amsomee. Na mwalimu, katika darasa lile ambalo mchana ni la watoto, ambapo watu wazima walikaa magoti yakigonga madawati, alimchagua Nives.

Wiki tatu Nives aliishi na ukurasa wa kitabu aliopewa asome. Aliusoma akimnyonyesha mtoto wake Morena, mpaka tone la maziwa likaacha doa pembeni. Aliusoma akikoroga ugali. Alikuwa hajawahi maishani kusimama mbele ya watu wakamnyamazia wamsikilize, na Jumapili ya kuja Edera watu mia tatu wangemnyamazia. Alishusha pindo la gauni lake la buluu. Alijaribu jozi mbili za viatu.

"Bi mwalimu," Desolina alimwita kutoka chumba cha pili, "huo ugali umeshafika chuo kikuu au bado unaungua?"

"Hauungui, mama."

"Basi ni pua yangu haijasoma."

Jumapili mchana, saa moja kabla ya watu kuingia, mwalimu alimpeleka Nives kwenye chumba kidogo nyuma ya pazia la sinema, akamwacha hapo na Edera Fogli.

Nives hakujua atazame wapi. Uso ule aliuzoea ukiwa na upana wa ukuta, jicho moja kubwa kuliko mlango. Sasa ulikuwa mdogo kama sahani, juu ya shingo ya mwanamke wa miaka hamsini kasoro aliyekuwa akimenya chungwa. Na bado ulikuwa uleule. Mwanga wa dirisha ulimfuata alipogeuza kichwa, kana kwamba umeajiriwa kumfuata. Mikono ya gauni ilipopanda kidogo, Nives aliona kwenye ngozi yake alama ndogo nyeupe za cheche, sawasawa na zilizokuwa kwenye mikono ya Desolina. Alijikuta amepumua kwa nguvu.

"Karibu, binti. Wewe ndiye sauti yangu," alisema Edera. "Sijui ya ngapi sasa."

Sauti yake ilikwaruza kama mlango wa ghala. Ilikuwa nzito, ya moshi, na maneno ya mwisho aliyavuta vilevile kama mama zao wa sokoni walivyoyavuta.

"Nimeusoma labda mara mia, bibi. Hata mtoto wangu ameanza kuujua."

"Vizuri. Mimi nitakaa pale nitabasamu. Kutabasamu nakuweza."

"Kwa nini usisome mwenyewe?" Swali lilimtoka Nives kabla hajaliwaza.

Edera alimpa nusu ya chungwa. "Si umenisikia? Watu wamevaa nguo zao nzuri waje kumwona Edera Fogli. Nikifungua mdomo, watageuka kumtafuta yuko wapi. Nilijaribu mara moja Bologna, kwenye duka la vitabu. Nilisoma mistari minne. Bwana mmoja, mtu wa heshima tu, akainuka kuniuliza kama nina mafua."

Nives alitaka kucheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Mama mkwe wangu anakufahamu," alisema, ili aseme kitu. "Desolina."

"Desolina? Aliyekuwa upande wangu wa kushoto?" Edera aliliweka chungwa chini. "Bado ananikumbuka?"

"Anatazama filamu zako zote, bibi. Huwa anazima sauti."

Uso ule ukafungika. Nives aliona jinsi ulivyofungika, taratibu, kama katika filamu.

"Sawa," alisema Edera. "Niliondoka bila kumuaga. Ana haki."

"Hapana, bibi, hukunielewa. Anazima ili akusikie."

Ikabidi aeleze. Mashine ilikuwa imeletwa miaka miwili baada ya Edera kuondoka. Yeye aliujua moto tu, na kwenye moto watu walizungumza kama watu. Hakujua kwamba walijifunza kusoma midomo. Nives alimweleza habari za malkia na viatu, na mfalme na vitunguu, na Edera akaweka kiganja kwenye shavu, macho yakizidi kukua.

"Na ya stesheni?" aliuliza mwishowe, chinichini.

Nives hakujibu kwa sauti. Aliyasema kwa midomo tu, taratibu, kama alivyoyaona mara nyingi kwenye kioo cha Desolina: Mama, umeniacha na nani. Nani atanisuka nywele.

Ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye ukurasa ule wenye doa la maziwa. Wiki ya kupiga picha za stesheni mama yake Edera alifariki Comacchio, na watu wa filamu hawakumruhusu aende kumzika, kwa kuwa gari moshi la kupigia picha lilikuwa limekwisha kukodiwa. Walimsimamisha kwenye stesheni, wakamwambia ahesabu. Hakuhesabu. Kwenye masinema yote ya Italia sauti ya siagi iliahidi kumngoja mpenzi hadi mvi zimtoke, na watu walilia kwa ajili ya mpenzi huyo.

"Nani anajua?" Edera aliuliza.

"Kiwanda kizima, bibi. Tangu siku ya kwanza. Wanasema walijaza safu tatu za mbele, wakakuona unamwita. Na wao ndio waliokuwa wamemwosha mama yako, wakamvalisha. Desolina ndiye aliyemsuka nywele."

Edera aliyakusanya maganda ya chungwa. "Mbona hawakuniambia?"

"Wangekuandikia nini? Na nani kati yao alijua kuandika?"

"Miaka ishirini na sita," alisema Edera. "Nimeandika kitabu kizima ili niwaambie jambo wanalolijua."

"Tunaijua midomo, bibi. Sauti hatujawahi kuisikia."

Alipokwisha kulitamka hilo, Nives alielewa limempeleka wapi. Ukurasa ulikuwa mkononi mwake. Nyuma ya pazia viti vilianza kugongana. Watu mia tatu walikuwa wanaingia, waje kunyamaza. Alilifikiria gauni lake la buluu. Akafikiria pia kwamba akisimama pale akasoma vizuri, na angesoma vizuri, alijua, atakuwa mwanamke mwingine tena aliyemtilia Edera sauti.

Akaunyoosha ukurasa kwenye paja, akampa.

"Soma wewe."

"Binti, hili tulishapanga."

"Samahani kwa doa. Ni maziwa."

Nives alitokea mlango wa pembeni, akakaa safu ya mbele, mwishoni. Kutoka safu ya tatu Desolina, na Morena amelala kifuani pake, alimwona na kukunja uso. Midomo yake ikasema bila sauti: Mbona umekaa? Wamekunyima?

Nimempa mwenyewe, midomo ya Nives ikajibu.

Desolina akamsogeza mtoto begani, akageukia jukwaa.

Edera alitoka, watu wakapiga makofi ya kutikisa madirisha. Mwalimu Tebaldi alimtafuta Nives kwa macho, hakuelewa, akaketi. Edera alivaa miwani. Akafungua mdomo.

Kwenye mistari ya kwanza ukumbi uliduwaa. Sauti ile ya mlango wa ghala, kutoka kwenye uso ule. Upande wa nyuma, kwa wafanyabiashara na wake zao, mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka puani. Edera alisikia. Alinyamaza katikati ya sentensi. Nives alishika kiti chake kwa mikono miwili. Angeweza kusimama. Maneno yote yalikuwa kichwani mwake, tayari.

Hakusimama. Edera aliinua macho kutoka kwenye ukurasa, na ndipo akawaona. Safu tatu za mbele, wanawake wa kiwandani wapatao arobaini na vitambaa vyao kichwani, mikono juu ya mapaja. Hawakuwa wakimtazama machoni, wala gauni, wala nywele. Wote arobaini walikuwa wakimtazama mdomo, kwa makini na bila haraka, kama wanavyotazama watu waliokwisha kumsikiliza mtu kwa miaka mingi.

Akaendelea kusoma. Alisoma gari moshi, baridi, na mwongozaji akimwambia ahesabu. Sauti ilikwaruza, lakini haikurudi nyuma tena, na huko nyuma hakuna aliyeguna. Alipofika kwenye maneno yale alivua miwani, kwani hakuyahitaji macho.

"Mama," alisema Edera Fogli, "umeniacha na nani."

Na midomo arobaini ikasema pamoja naye. Haikutoka hata pumzi. Nives aliona midomo ya Desolina, iliyokauka kwa moshi na siki, ikisema nani atanisuka nywele, na aliona Edera akiiona. Katika ukumbi ule wa watu mia tatu ilisikika sauti moja tu, na ilikuwa ya kwake.

Baadaye kulikuwa na mstari mrefu wa kuandikiwa vitabu. Desolina hakupanga mstari. Alipanda jukwaani na mjukuu wake begani, akapitisha mkono nyuma ya kichwa cha Edera na kumsawazisha nywele, mara moja, kama mtu anayeondoa uzi. Walizungumza kidogo. Nives alikuwa mbali, lakini midomo aliiona, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote walichosema.

Nyumbani jioni hiyo walikula ugali na mkunga wa kuchoma. Ivano, mume wa Nives, aliuliza ilikuwaje, akapata majibu mafupi. Nives aliosha vyombo. Hakuwa na huzuni hasa. Ila mikono ilikuwa mizito, kama ya mtu aliyejitayarisha kwa safari kisha hakusafiri.

"Bi mwalimu," Desolina aliita.

Televisheni ilikuwa imezimwa. Desolina alikuwa amekiburuta kiti chake hadi karibu na kile cha Nives, Morena amemlaza mapajani, na juu ya kiti kitupu ameweka kitabu kipya, chenye jina la Edera kwa wino mbichi ukurasa wa kwanza.

"Kaa hapo, unisomee. Toka mwanzo."

Nives alifuta mikono, akakaa, akafungua. Alianza kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke.

"Inua sauti, mwanangu," alisema Desolina. "Nataka kukusikia."