Mama Juu na Pampu ya Pili

Volti alipoiona pampu ya mkono kwenye mkoba wa mkewe, alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati yake palikuwa na ndoo ya nepi, tena yenye mfuniko.

"Hii ni nini?"

"Pampu ya maziwa," alijibu mkewe, akiendelea kumvisha mtoto.

"Si unayo?"

"Ninayo. Hii ni ya pili."

Ya pili! Afadhali angeambiwa kuna mume wa pili. Mume wa pili angalau angebisha hodi.

Lazima ieleweke kwamba Volti alikuwa fundi umeme, na si kwa kazi tu, hata kwa imani. Nyumbani kwake kengele ilikuwa ya umeme, bembea ya mtoto ya umeme, hata mtego wa panya ulikuwa na swichi, ingawa panya walishajifunza kuukwepa. Mtoto alipozaliwa alimnunulia mkewe pampu ya umeme ya kukamulia maziwa, akapita nayo mtaa mzima boksi likiwa wazi ili watu waone. Ilikuwa na vitufe na taa ya bluu, na ilijua kuvuta polepole na kuvuta kwa kasi. Mkewe hakuwa na ugomvi nayo. Asubuhi na jioni iliunguruma mezani, yeye akinywa chai, na chupa zikajaa. Ugomvi ulikuwa mchana.

Mchana yeye alikuwa juu. Aliendesha kreni kwenye saiti ile ile ambayo mumewe alikuwa fundi umeme, amekaa katika kibanda cha vioo kisicho kikubwa kuliko choo, juu kuliko jengo lenyewe, na watu walimwita Mama Juu tangu kabla hajazaa. Sasa likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, lakini matiti hayakuwa na habari hiyo. Katikati ya asubuhi yalijaa, yakawa magumu, yakamuuma mpaka kwapani. Kibandani hapakuwa na soketi. Ilimbidi asimamishe kazi, ashuke ngazi yote, aende stoo ya mumewe, achomeke pampu, akamue, ampe mama mkwe chupa pale getini alipongoja na mtoto, kisha apande tena. Muda wote huo saiti nzima ilikaa juu ya matofali ikipiga soga.

Msimamizi alivumilia, akavumilia, na jana yake alimwita pembeni.

"Dada, mimi sina neno na mtoto," alisema. "Mtoto ni baraka. Lakini ukishuka tena kabla ya saa ya chakula, usijisumbue kupanda. Atapanda Shemeji."

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa msimamizi, ndiyo maana saiti yote ilimwita hivyo. Alikuwa na cheti cha kreni ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri, na kila asubuhi alifika amevaa glavu tayari, akasimama chini ya ngazi, akiitazama kwa macho ya mtu anayengoja urithi.

Mama Juu alikipenda kiti kile. Alikipata baada ya kubeba zege kichwani miaka na miaka, na huko juu hapakuwa na mtu wa kumwita msichana. Aliogopa kukikosa kuliko alivyowahi kuogopa kuanguka. Na mtoto naye hakutaka maziwa ya kopo. Aliyatema kwa shabaha, kwenye shati la aliyempa. Ndipo jana hiyo hiyo, akitoka kazini, alipopita dukani.

"Hii haina plagi," alimweleza mumewe sasa, kwa upole wote alioubakiza. "Naibana kwa mkono nikiwa nimekaa pale pale. Sishuki. Kiti hakiendi popote."

"Mke wa fundi umeme akamue kwa mkono?" Volti alisimama kutoka kwenye ndoo. "Watu watasema nimekatiwa umeme nyumbani kwangu!"

"Mimi nilikukamulia kwenye kikombe!" ilitoka sauti jikoni. Ilikuwa ya mama yake Volti. Zamani aliwaunganishia watu simu, enzi ambazo laini zilihitaji kifua, na tangu astaafu hakuwahi kuteremsha sauti.

"Mama, usiniaibishe."

"Na chenyewe kilikuwa kimekatika mkono! Umekua, hukukua?"

Volti akafanya wanachofanya wanaume wakishindwa hoja. Alitangaza uchunguzi. Aliichukua pampu ya mkono, akaitia kwenye mkoba wake wa vifaa, akasema ataifungia mota ili ifanane na binadamu wa leo, na kabla mkewe hajamaliza kufunga vifungo vya blauzi alikuwa ameshatoka mlangoni.

Mama Juu alipofika saiti akamkuta stoo, ameifungua pampu vipande vipande kwenye meza. Sikioni alikuwa na penseli yake ya kila siku, nayo imevikwa kipira kidogo cheupe kwenye ncha. Mama Juu alikiona, hakukijali. Shemeji alikuwa anakunjakunja vidole ndani ya glavu zake, na msimamizi alikuwa anatazama, kwa hiyo alimwambia mumewe neno moja tu, "Irudishe," akapanda.

Katikati ya asubuhi ilipofika alikuwa ananing'iniza tangi la maji, jeusi, tupu, lenye kutosha ghorofa nzima. Matiti yalikuwa yameshaanza. Blauzi ililowa upande wa kushoto. Akatazama chini, akaiona ngazi, akamwona Shemeji, akauma mdomo. Halafu akaona kofia ya njano inapanda. Volti alikuwa amebeba pampu ya umeme mgongoni, mkoba wa vifaa begani, na bunda la waya shingoni.

"Nimekuletea soketi," alisema akihema.

"Na pampu yangu?"

"Imo mkobani. Hutaihitaji." Alikuwa ameshafungua kifuniko cha swichi za kreni. "Kreni nzima inakula umeme. Itashindwaje kumlisha mtoto mmoja?"

Ukweli usemwe, mkewe alifurahi. Alikuwa anaumwa, na angekubali hata pampu ya kuendeshwa na jua. Alitundika shuka kwenye vioo, akajiweka tayari, akabonyeza kitufe. Pampu ikaunguruma, taa ya bluu ikawaka, na maziwa yakaanza kutiririka. Akafumba macho kwa raha.

Chini watu wakaanza kupiga kelele.

Tangi lilikuwa linanyonya. Hakuna neno jingine la kueleza. Pampu ilipovuta, tangi lilipanda. Ilipoachia, tangi lilishuka. Na pampu ilipobadili ikaanza kuvuta harakaharaka, kama inavyofanya ili maziwa yateremke, tangi nalo likaanza kutikisika angani harakaharaka. Wataalamu watasema haiwezekani. Wataalamu hawakuwepo. Msimamizi alikuwepo, na tangi lilikuwa juu ya ofisi yake, naye akawa anaingia kuokoa karatasi likipanda, anatoka mbio likishuka.

"Punguza kasi," Volti alimshauri mkewe.

"Ya pampu au ya tangi?"

Hakuwahi kujibu, kwa sababu umeme ulikatika.

"Si mimi!" alisema Volti papo hapo. Safari hii alikuwa mkweli. Mtaa mzima ulikuwa umezimika: mashine ya kusaga ya jirani ilinyamaza, na redio ya saluni ikakatwa katikati ya wimbo. Taa ya bluu ikafa. Breki ya kreni nayo ikalegea, na tangi likaanza kuteremka taratibu kuelekea kwenye bati la ofisi. Mama Juu aliiachia pampu, akarukia wenzo mrefu mwekundu ulio kando ya kiti, akauvuta kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tangi likasimama, paa la ofisi likiwa bado mahali pake.

Mashine zote zikiwa zimezimika, walimsikia mtoto getini, analia kwa njaa, na juu ya kilio chake sauti ya mama mkwe: "MTOTO ANALIA!"

"Kashuke ukamkamulie," Volti alisema, amechanganyikiwa.

"Nikiuachia huu, ofisi inakuwa sahani. Na nikishuka nimekosa kiti." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, maziwa yanadondoka mapajani, na alikuwa na hasira hata ya kuuma vioo. "Baba mtoto, hebu nikuulize. Kreni hii ina breki ya umeme?"

"Inayo."

"Na hii niliyoshika?"

Volti akautazama wenzo. "Ya mkono," alisema kwa sauti ndogo sana.

"Aliyeitengeneza alikuwa mjinga?"

Volti alipiga magoti, akamwaga mkoba wake sakafuni, akaanza kuunga vipande vya pampu ya mkono. Kikombe kilikaa kwenye shingo, mpini ukakaa kwenye kikombe, chupa ikakaa chini. Akabana. Pampu ikapumua tu, haikuvuta chochote. Akabana tena. Alitafuta chini ya kiti, ndani ya viatu alivyovivua, kwenye mifuko yote, jasho likimtoka.

"Kuna kipira kidogo cheupe," alisema. "Bila hicho haivuti. Sijui nimekiweka wapi."

Mkewe, mikono miwili kwenye breki, alimwonyesha kwa kidevu. "Sikioni."

Akakivua kwenye penseli bila kumtazama mkewe usoni.

Kutoka chini kipaza sauti cha msimamizi, kile cha betri, kikakohoa. "Mama Juu! Nasikia mtoto analia. Usishuke! Jamani dada yangu, nakuomba, usishuke!"

"Si jana ulisema atapanda Shemeji?" alijibu kwa nguvu.

Wote walimtazama Shemeji. Shemeji aliitazama ngazi, akalitazama tangi, kisha akasema goti lake, lile la zamani, linamsumbua tangu alfajiri.

"Kiti ni chako!" kipaza sauti kikalia. "Kamua, shika breki, fanya utakalo, ila usishuke!"

Basi ikawa hivyo: yeye akashika breki, mumewe akashika pampu. Mwanzoni Volti alibana kama mtu anayekata waya mnene.

"Taratibu, hiyo si koleo! Bana, ngoja, achia. Mtoto hunyonya hivyo, hujamtazama?"

Kwa kweli hakuwahi kumtazama sawasawa. Alikuwa akiitazama taa ya bluu. Sasa alisikiliza. Akabana, akangoja, akaachia. Tone likatokea, likashikwa na tone jingine, halafu uzi mwembamba wa maziwa ukagonga chupa ukatoa sauti. Volti alibaki mdomo wazi. Alikuwa amewasha taa za majumba mengi maishani mwake, lakini hajawahi kuona kitu kikitii vidole vyake kwa namna ile, na macho yakamlowa asijue afute na mkono gani.

"Yanatoka," alinong'ona.

"Usisimame, endelea," alisema mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka. Maumivu yalikuwa yanaondoka upande mmoja, kidogo kidogo, na aliuona uso wa mumewe kwa karibu, wenye vumbi na aibu, akampenda vibaya sana, ingawa hakuona haja ya kumwambia wakati huo.

Chupa ilipojaa, Volti aliifunga, akaiweka ndani ya kofia yake ya njano, akafunga kofia kwa ule waya aliopanda nao shingoni, akaanza kuiteremsha dirishani. Waya ulikuwa mpya, mzuri, wa kubeba umeme mwingi, na ndiyo kazi ya kwanza uliyoifanya. Saiti nzima ilisimama ikitazama kofia ikishuka. Shemeji, ambaye glavu zake hazijawahi kushika kitu, alinyoosha mikono akaipokea chupa, akakimbia nayo getini, goti na yote.

Kilio kikakatika. Walisubiri.

"ANAKUNYWA!" mama mkwe akatangaza kwa mitaa kadhaa. Baada ya muda akaongeza: "LETENI NYINGINE!"

"Inakuja, mama!" Volti akapiga kelele dirishani, kifua mbele, kana kwamba pampu ya mkono aliibuni yeye. Akapiga tena magoti, upande wa kulia.

Walikuwa wamefika nusu ya chupa ya pili umeme uliporudi. Redio ya saluni ikaendelea na wimbo, breki ya kreni ikashika yenyewe, na Mama Juu akaachia wenzo akanyoosha vidole vilivyokufa ganzi. Sakafuni taa ya bluu ikawaka. Pampu ya umeme, bila kuulizwa, ikaanza kunyonya hewa kwa bidii, na nje tangi likapanda, likashuka, likapanda. Kipaza sauti kikapiga yowe.

"Nipe niendelee mwenyewe," alisema mkewe, "wewe kaizime hiyo."

Volti akanyoosha mguu, akaivuta plagi kwa kidole gumba cha mguu mpaka ikachomoka. Mikono hakuitoa.