Baba Yangu Kwenye Mizani

Usiku wa kuamkia leo niliota mimi ni mwandishi wa gazeti la mkoa huko Urusi, miaka ile Wasovieti ndio kwanza wameshika nchi. Habari yangu ya ng'ombe waliogoma kukamuliwa inatoka ukurasa wa mbele. Jamani, sijawahi kufurahi vile. Nacheka peke yangu, mitambo ya kuchapa inanguruma chini, jengo zima linatikisika.

Mara mizani ikaingia. Mizani kweli, ya dukani, imevaa koti la ngozi. Ikatangaza kwamba gazeti ni la wafanyakazi na wakulima, kwa hiyo kila mwandishi apande, ipime asili yake.

Alianza mhariri wetu, Ndugu Gavrila. Alipopanda tu, makala yake ya matrekta ikaanza kujiimba mezani kwa sauti ya kanisani, mpaka amina.

"Baba yako kasisi," ikasema mizani.

"Alikuwa," akajibu Gavrila. Akachukua kofia yake, akatoka kwa kupenya ukuta. Hakuna aliyeshangaa.

Zamu yangu ikafika.

"Baba yako anafanya nini?"

"Ana duka la vitenge, Korogwe."

Mshale ukaruka mpaka mwisho. "Mfanyabiashara," ikasema, kama mtu aliyeona mende kwenye chai. "Basi mkane gazetini, kwa jina. La sivyo unatoka, na ng'ombe wako wanatoka."

Wenzangu wengi walishawakana baba zao hivyo hivyo, wakabaki kazini. Tangazo langu lilikuwa tayari, limebaki kutiwa saini. Kalamu ikanisogelea yenyewe.

"Fanya hima, kaka," ikaninong'oneza. "Mitambo inasubiri."

Nisiwafiche, niliitaka ile kazi. Mkono umeshaishika kalamu.

Hapo duka letu likafunguka katikati ya ukuta, baba akatoka na kanzu yake, theluji imejaa kwenye kandambili. Akalisoma tangazo lote, taratibu.

"Nikane tu, mwanangu," akasema. "Kazi siku hizi hazipatikani. Jioni utarudi nyumbani, tutakula."

Angenigombeza, pengine ningesaini. Lakini kwa upole ule nilishindwa. Nikalitia tangazo mdomoni, nikalitafuna mbele ya mizani, nikalimeza na wino wake. Mitambo ikazimika. Ng'ombe wangu wakashuka kutoka ukurasa wa mbele mmoja mmoja, wakaenda zao, nami nikawa nashangilia kama mwendawazimu.

Nikaamka bado nashangilia. Kumekucha. Sebuleni nikamkuta baba ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaisugua miguu kidogo, kisha akaniangalia.

"Lakini na wewe," akasema, "si ungewaambia nina matuta ya mchicha nyuma ya duka? Tungehesabiwa wakulima, na kazi ungebaki nayo."