Salamu kwa Anayesikiliza

Mwaka ule nchi ilibadilishwa jina kabla hatujamaliza madaftari yenye jina la zamani, na shule yetu ya bweni, hapa Kisangani, ikaona nayo isibaki nyuma. Papa Emile, surveillant wetu, mlinzi wa nidhamu na wa Chama, alitangaza kwamba kila simu ya mwanafunzi itaandikwa: nani kaongea, na nani, saa ngapi.

Simu ya wanafunzi ilikuwa moja tu, ukutani, kwenye korido kati ya chumba cha kulia na ofisi yake. Ofisini kulikuwa na nyingine, ya waya uleule.

"Tunaandika majina tu," alisema. "Maneno yenu hatusikilizi. Sisi si wachawi."

Tulimwamini kwa moyo wote. Tulishangaa kidogo tu kwamba ndani ya waya kulikuwa na pumzi ya tatu, na kwamba pumzi hiyo ilikuwa na kikohozi cha Papa Emile.

Papa Lambert, préfet, yaani mkuu wa shule, mtu mwenye kupenda haki, aliamuru mjadala wa wazi siku ya Jumamosi: je, inafaa Serikali ijue simu za raia? Mjadala ulikuwa huru kabisa. Kila mmoja alikuwa huru kukubali. Lakini mjadala unahitaji mtu wa kushindwa, basi nikachaguliwa mimi, Timothée, kwa heshima ya yule mbuzi aliyekutwa darasani siku ya ukaguzi, jambo ambalo halikuwahi kuthibitishwa.

Alhamisi, rafiki yangu Constant alipigiwa simu na shangazi yake, Mama Clémence, mwanamke wa Yanonge, kijiji chao cha mtoni, anayeuza samaki hapa bandarini. Waliongea Kilingala, kama kawaida yao. Ijumaa asubuhi Constant akaambiwa afunge sanduku. Baada ya mjadala angefukuzwa.

"Kosa langu ni nini, papa?"

"Unalijua," alisema Papa Emile.

"Silijui."

"Bon. Basi ni siri."

Constant alikuwa wa kwanza katika ukoo wa wavuvi kufika sekondari. Kurudi Yanonge na sanduku lile kungekuwa sawa na kurudi na maiti. Alikunja mashati yake mawili huku machozi yakiyalowesha. Nilimwambia ayakunje vizuri.

Mchana nilitumwa sokoni kubeba makemba, ndizi za jikoni. Nikapita kwa Mama Clémence, mbele ya duka la tajiri anayemwazima simu. Alinisikiliza huku akifukuza nzi.

"Mutoto wangu wanamufukuza juu ya simu yangu?"

"Ndiyo, mama. Na anayesikiliza anakataa kwamba anasikiliza."

"Iko mutu wa wapi?"

"Bukavu."

"Ah! Watu wa Bukavu wako na adabu," alisema, akacheka peke yake. "Kesho nitamusalimia."

Jumamosi, katika chumba cha kulia, Papa Emile alisimama mbele ya meza zetu. Serikali ni baba, alisema. Na baba gani hataki kujua mtoto wake anaongea na nani? Makofi. Nikaitwa.

"Nakubaliana na Papa Emile katika yote," nilisema, "na ninayapinga yaliyobaki."

"Yapi hayo?" aliuliza Papa Lambert.

"Ni siri, Papa Préfet."

Hapo simu ikalia. Constant, aliyejua shangazi yake atapiga, alimtazama mkuu, akaruhusiwa kwenda. Papa Emile akashika tumbo.

"Pardon, Papa Préfet. Maharage haya." Akatoka mbio.

Tuligeuza shingo kuelekea korido. Mlango ulikuwa wazi, tulimwona Constant akisema, "Allô, mama? Ndiyo, nimekula." Kisha, nyuma ya ukuta wa mbao wa ofisini, ikapanda sauti ileile inayotuita majina uwanjani:

"Jambo sana, mama! Muzuri tu! Na wewe?"

Mama Clémence alikuwa amesema hivi: "Na wewe, papa wa Bukavu unayesikiliza, jambo! Watoto wako wazima?" Mtu aliyelelewa vizuri angeiachaje salamu kama hiyo ianguke chini?

Papa Lambert alikwenda ofisini, na shule nzima nyuma yake. Papa Emile alikuwa bado na simu sikioni.

"Emile. Ulisema majina tu."

"Papa Préfet, tungeungua sisi wote! Huyu mutoto analeta moto! Nilisikia kwa masikio yangu: moto akoya na masuwa! Moto, kwa meli, leo!"

Kwanza hakuna aliyecheka, kwa heshima. Halafu mpishi akaanza, na hakukuwa tena na wa kutuzuia. Papa Emile alikuwa amehamia kwetu muhula huo; Kilingala chake kilitosha kuagiza bia. Kwa Kilingala, moto huo hauunguzi kitu. Moto ni mtu.

Papa Lambert alichukua simu. "Mama, iko moto gani inakuja na meli?"

"Iko Alphonse!" Hatukuhitaji kuinama ili kumsikia. "Ndugu yangu, mushona nyavu!"

"Na anawaka?"

"Akikunywa tu, papa."

Constant alifungua sanduku lake siku hiyohiyo. Mjadala ukamalizika kwa kura: sote, mimi pia, tulikubali kwamba Chama kina haki ya kusikiliza, maana taarifa ya ushindi ilikuwa imeshapigwa chapa. Papa Lambert aliongeza kwa mkono sentensi moja tu: anayesikiliza, akisalimiwa, lazima ajibu.

Jioni Tonton Alphonse, yule mshona nyavu wa melini, alibisha getini na kapu la samaki wa kukaushwa.

"Nani?" aliuliza Papa Emile.

"Moto," tulijibu sisi kutoka madirishani.

Tangu hapo mama zetu wote huanza na yeye. Humuuliza kama kikohozi kimepoa, kama watoto wanasoma, kama mke amesharudi kutoka Bukavu. Jana bibi yangu alimweleza dawa ya majani kwa muda mrefu, hadi Papa Emile akaomba ruhusa ya kukata.

"Kata tu, mwanangu," bibi alimwambia. "Mimi nilitaka kuongea na Timothée."