Meza ya Rangi ya Ukuta

Mama Vikapu alikuwa amechuchumaa akipaka rangi mguu wa meza, shemeji yake seremala alipomwambia asimame aitazame kwa mbali.

"Naitazama tangu asubuhi, shemeji. Sasa imeanza kuniingia ndotoni."

Akasimama hata hivyo, akarudi nyuma hadi katikati ya njia. Nyuma ya meza ulipanda ukuta wa ngome kongwe, mawe yake yamefifia. Amri ya ofisi ya mambo ya kale ilikuwa fupi: anayetaka kuuza langoni awe na meza isiyogusa ukuta, inayokunjwa jioni, na yenye rangi ya ukuta wenyewe, isije ikaharibu sura ya mahali. Wauzaji wenzake walikuwa wamemtanguliza yeye. Meza yake ikipita, nao watatengeneza za kwao. Ikikataliwa, nafasi yote ya langoni inakwenda kwa mkahawa wa jirani.

Mkaguzi wa ofisi hiyo akafika na kipande chake cha jiwe la ukuta, akakiweka juu ya ubao, akainamisha kichwa.

"Imezidi unjano kidogo, mama."

"Jana ulisema imezidi weupe!"

"Jana ilikuwa mbichi."

Seremala akakohoa kuficha kicheko.

Wageni wawili wakatoka langoni wakizungumza. Mmoja akajigonga kwenye kona ya meza, akasugua paja, akautazama ukuta kwa mshangao, kisha wakaenda moja kwa moja kukaa chini ya miavuli ya mkahawa, myekundu, yenye jina la soda kila upande.

"Umeona?" Mama Vikapu akasema. "Hata aliyejigonga hajaiona."

"Ndiyo nia ya kanuni," mkaguzi akasema. "Isionekane."

"Sasa nimuuzie nani? Na ile miavuli, bwana mkaguzi, wewe unaiona?"

Mkaguzi akaiangalia kama mtu anayeangalia jino linalomuuma. "Miavuli si meza. Inafungwa jioni."

"Na yangu inakunjwa jioni!"

"Wewe uliomba meza."

"Basi naomba mwavuli."

"Miavuli ina mkataba, na umesainiwa juu huko." Akashusha sauti. "Nimewaandikia mara mbili. Kimya."

Mama Vikapu alitaka kumkasirikia, lakini viatu vya yule bwana vilikuwa na vumbi lile lile la vyake, na hasira ikakosa pa kutua.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Rangi ikipatana, unapitisha?"

"Napitisha. Kesho, kabla lango halijafunguliwa."

Mkaguzi alipoondoka, seremala akatema mate kando. "Twende zetu stendi. Kule hata ukipaka pinki hakuna wa kukuuliza."

"Kule hakuna wa kununua vikapu. Na nikiondoka, nani atabaki kuwauliza habari ya miavuli?"

"Utawauliza huku huonekani?"

"Sauti bado hawajaipangia rangi, shemeji. Nipe ile nyeupe."

Akamimina kidogo, akakoroga, akajaribu upande wa chini wa ubao. Akaongeza tena. Ubao wa juu ulipokubaliana na jiwe, jua lilikuwa limeshaanguka nyuma ya ngome, na njano na nyeupe zote zimekuwa kijivu. Miguu ilikuwa bado na rangi ya kwanza.

"Malizia basi," seremala akasema.

"Kwa giza hili nitapaka makosa." Akafunika kopo, akaitosa brashi kwenye maji. "Ikunje taratibu, juu bado mbichi. Kesho tuanze na miguu."