Jina la Chini Kulia

Walburga alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, na mumewe Tadei alikuwa ameketi kwenye kigoda akiusugua kwa msasa ubao wa tangazo wa Rupert kinyozi. Ilikuwa jioni ya kawaida pale mtaani Lizaboni: mlango wa jiko wazi, togwa kwenye kikombe, dagaa wa Nyasa wakinukia kwenye sufuria. Walburga alisimulia mchana wake wote. Alisimulia nani kagombana na nani sokoni, nani kajifungua, na koti la mtumba alilonunua Mama Devota, lenye mfuko mgongoni ambao mwenyewe hawezi kuufikia. Tadei aliitikia "enhe" kila panapostahili. Wapo wanandoa ambao maneno huwaishia mapema. Hawa walikuwa na akiba.

"Sasa huyu mteja wa Rupert nimchoreje?" Tadei akauliza.

"Usimchore anatazama mbele," Walburga akasema. "Mtu akinyolewa hatazami kitu, Baba Pamela. Anasikiliza."

"Anasikiliza nini?"

"Anasikiliza wembe umefika wapi."

Tadei akacheka, akachovya brashi. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, maduka yaliota Songea kama uyoga baada ya mvua, na kila mwenye duka alitaka ubao wake. Tadei alikuwa na mkono na Walburga alikuwa na jicho. Sefu wa hoteli pale stendi alipotaka sahani ya wali iliyofurika, ni Walburga aliyesema wali uchorwe umeliwa nusu, kwa sababu sahani iliyojaa haijaonjwa na mtu, lakini iliyoliwa nusu ina shahidi. Tangu ubao ule utundikwe, wasafiri walikuwa wakishuka kwenye basi na kuingia kwa Sefu kabla hawajauliza bei.

Ubao wa Rupert ulipokamilika, Tadei aliandika chini kulia, kwa rangi nyekundu, TADEI. Asubuhi Walburga alipoingia kuwasha moto, alizikuta herufi zimeshuka. T ilikuwa imelala kando ya kinu, D imejiingiza kwenye chekeche, na E ilikuwa ikidonolewa na kuku. Alizifagia pamoja na pumba. Kwenye ubao, mahali pale pale, palikuwa pameandikwa WALBURGA, na ile W ilikuwa imetanua miguu kama alivyozoea kuiandika yeye tangu darasa la pili.

"Rangi za siku hizi," Tadei akasema akilitazama. "Zile za zamani ukizipaka zimekaa. Hizi zinaletwaletwa tu."

Akafuta, akaandika tena jina lake. Herufi zikashuka tena. Safari hii akalichonga kwa msumari, na jina likamwagika chini kama unga wa mbao. Tadei hakuwa mtu wa kushindana na ubao. Alisema basi, na likae, akaupeleka kwa Rupert akiwa ameubeba kichwani.

Hapa inabidi kueleza kwamba Lizaboni nzima hapakuwa na mtu aliyemjua Walburga. Alikuwa Mama Pamela kanisani, Mama Pamela sokoni, Mama Pamela kwa mumewe pia. Jina lake la ubatizo lilikuwa limekaa kwenye cheti tu, likisubiri kazi. Kwa hiyo watu waliposoma WALBURGA chini ya mteja anayesikiliza, walimfikiria Walburga mmoja tu, Mtakatifu, yule wa mabruda na masista wa monasteri ya Peramiho, ambaye mifupa yake, kama kila Mbenediktini ajuavyo, hutoa mafuta yanayoponya.

Na Rupert naye alikuwa na mdomo. Mtu alipomuuliza ubao umepakwa nini, alijibu kwa fahari, "Rangi ya mafuta."

Jumapili ile akina mama wa jumuiya walitoka misani moja kwa moja hadi kwa kinyozi. Waliimba wimbo mmoja chini ya ubao. Bibi Kasiana akagusa rangi kwa kidole, akajipaka gotini, na goti likapona. Rupert hakuwazuia, kwa kuwa waume zao walibaki kunyolewa. Walburga alikuwa amesimama nyuma ya wenzake akiimba sauti ya pili. Aliona haya kusema. Alimtazama Tadei, aliyekuwa upande wa pili wa barabara, akingoja aseme yeye.

Na Tadei akasema. Alivuka, akakohoa, akawaambia kwamba si mtakatifu, ni mke wake, huyo hapo.

"Eeeh!" akina mama wakapaza sauti, wakamgeukia Walburga. "Mama Pamela! Kumbe unapendwa namna hii!"

Mji ukaipokea habari hiyo kwa furaha zaidi kuliko ile ya mtakatifu. Kila ubao mpya ulipopanda na jina lile chini kulia, wanawake waliwaonyesha waume zao. Athanasi wa duka la mbolea alibanwa nyumbani mpaka akaja kuomba ubao wake nao uandikwe Severina, jina la mkewe. Herufi za Severina zilitulia zilipoandikwa, hazikwenda popote, maana hizo zilikuwa za mapenzi tu, si za kudai kazi. Tadei akawa mfano hata kwenye mafundisho ya ndoa. Barabarani wazee walimpa mkono, na yeye akaupokea.

"Umewaambia nusu," Walburga akamwambia jioni moja, wakiwa mezani.

"Nusu ipi imebaki?"

"Ile ya kazi. Wanadhani umenipamba. Mimi sijapambwa, mimi nimefanya."

Tadei akamega tonge. "Lakini brashi nashika mimi, Mama Pamela."

"Na mwiko nashika mimi. Mbona kila tukila ugali huu tunasema tunakula jasho lako, kwa sababu ulilima?"

Tadei alilikanda lile tonge muda mrefu kuliko tonge linavyohitaji. Alikuwa mtu mwema na alijua amepatikana. Alisema atawaambia. Siku iliyofuata alikutana na watu wengi, wote wakamsifu, na sifa ni kama asali, mtu hatemi. Walburga hakuuliza tena. Ilimuuma, na alichotaka hakikuwa kikubwa: mtu mmoja tu atazame ubao, kisha amtazame yeye, na aseme, umeweza.

Ndipo akaja Nassoro. Alikuwa amepata mawe mazuri ya vito Tunduru na sasa alikuwa anafungua nyumba ya wageni karibu na stendi. Alitaka ubao mpana wenye Landrova, simba na almasi, uwe tayari Jumamosi. Ijumaa Tadei akaangushwa na malaria. Alilala chini ya mablanketi yote ya nyumba hiyo, meno yakigongana.

"Chora wewe," akamwambia mkewe. "Unajua zaidi yangu."

Maneno hayo aliyasema wazi kabisa, chumbani, ambako hakukuwa na mtu wa kuyasikia isipokuwa mkewe.

Walburga akafunga kanga kiunoni, akaufuata ubao jikoni. Mkono ulikuwa mgeni kwa brashi kidogo, kisha ukazoea. Landrova aliiacha. Alichora mlango wa kijani uliofungwa, na mbele yake jozi ya viatu vyenye vumbi jekundu la barabara ya Tunduru, kimoja kimesimama na kingine kimeanguka ubavu. Mgeni ni viatu, aliwaza, akishavivua, amefika. Hakuwahi kufurahi hivyo peke yake. Chini kulia hakuandika kitu. Aligeuka kuchukua tambara, na aliporudi jina lake lilikuwa limeshakaa, bichi bado.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nassoro akaingia jikoni, akauona ubao. Hakuulizia simba. Alisimama, kisha akachoka uchovu wa safari zake zote, akaketi kwenye kigoda, akavua viatu. Alikaa hivyo akitazama ule mlango, machozi yakimlengalenga.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. "Fundi yuko wapi?"

"Baba Pamela ana malaria, amelala tangu jana. Kazi hii ni yangu." Akanyoosha mikono, kijani mpaka kwenye viwiko. "Mimi ndiye Walburga."

Nassoro akaitazama mikono, akalitazama jina, uso wote ukamkunjuka.

"Nimesoma, mama. Mashallah! Mtu anaumwa hajiwezi, na bado anamwandika mkewe. Na wewe hukukubali kukaa tu, umeamka kumsafishia brashi." Akainuka, akachungulia mlango wa chumba. "Fundi! Ugua pole. Umenitoa machozi."

Walburga akasikiliza. Kutoka chini ya mablanketi ikaja sauti dhaifu, yenye adabu zake zote.

"Ahsante, bwana. Karibu tena."

Nassoro akaondoka pekupeku, viatu mkononi, vijana wake wakibeba ubao.

Jua lilipopungua homa ilishuka. Walburga alimpelekea mumewe uji, akauweka kwenye stuli kwa kishindo, na hakuketi. Tadei alikunywa kidogo bila kumtazama. Kisha macho yake yakatua kwenye viwiko vya mkewe.

"Hiyo kijani," akasema. "Umeipataje? Mimi miaka yote hii sijaipata."

Walburga alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa ya haki. Lakini Songea nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia habari za kijani. Akavuta mkeka, akaketi, akamsimulia.